Mja Mzito Asiogope Daktari wa Meno

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia katika mkutano wa mwezi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa walioketi nyuma hawakusikia vizuri kwa sababu ya mvua juu ya mabati.)

Leo hatutazungumza juu ya kuku wala mikopo. Mwenyekiti wenu alitutumia ujumbe ya kwamba kuna ubishi kikundini, na ubishi wenyewe ni wa meno. Tukacheka kidogo. Lakini tulipousikia wote hatukucheka tena, na mtaona kwa nini.

Ubishi ni huu. Mmoja wa wasichana wetu, mwalimu wa nasari, alianza kuvaa waya za meno huko Nakuru mwaka jana. Sasa ana mimba ya miezi minne. Mama mkwe wake anasema waya zitolewe mara moja, kwa maana chuma mdomoni mwa mja mzito kitamdhuru mtoto. Shangazi yake anasema ziachwe, ila asiende tena kwa daktari mpaka ajifungue. Na wengine mlioketi hapa mnasema ya kwamba mja mzito, hata jino likimuuma namna gani, haguswi. Akiguswa mimba itatoka. Mwalimu mwenyewe ametupa ruhusa tulizungumze jambo lake bila kumtaja jina. Basi msigeuze shingo mkimtafuta.

Tutafika kwenye waya. Lakini waya ni za wachache, na jino lililooza ni la kila nyumba, kwa hiyo tutaanzia hapo. Tena hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea.

Ni miaka kadhaa sasa. Tulikuwa tukitembelea kikundi kingine, mbali na hapa. Mama mmoja, mimba yake ya tatu, miezi mitano, alitujia baada ya mkutano ameshika shavu kwa leso. Gego la chini lilikuwa limetoboka. Sisi tulimwambia nini? Tulimwambia, "Vumilia mama, ukishajifungua tutakutafutia daktari." Tulisema kwa upole kabisa, kama watu waliosoma. Diploma ya kazi za jamii tulikuwa nayo, lakini juu ya meno ya mja mzito tulijua yale tu ambayo shosho zetu walitwambia. Akaenda dispensari moja, huko nako akaambiwa vivyo hivyo, akapewa vidonge vya maumivu.

Wiki mbili hazikuisha. Shavu lilifura, uvimbe ukateremka chini ya taya hadi shingoni. Mdomo haufunguki, mate hayamezeki, akilala chali pumzi inakatika. Walimpeleka hospitali usiku kwa pikapu iliyokuwa inabeba kabeji. Madaktari walimkata chini ya taya kutoa usaha, na jino lile lile tulilosema lisiguswe likang'olewa, mimba ingali tumboni. Alikaa wodini zaidi ya wiki mbili. Alijifungua kabla ya siku zake, mtoto mdogo lakini mzima. Hatusemi ya kwamba ni jino lililofanya mtoto awahi, hilo hakuna aliyeweza kutuhakikishia. Tunajua tu ya kwamba kazi ambayo ingefanywa kwa nusu saa, mama ameketi kitini, ilifanywa usiku kwa kisu. Na pesa za mzunguko, zilizowekwa kwa ajili ya tangi la maji, zote ziliishia kwa bili. Hakuna mwanachama aliyetulaumu. Tungeona afadhali watulaumu.

Tangu siku hiyo tumeuliza, tumesoma, na tumeketi na maafisa wa meno. Hebu tuwape tuliyoyapata.

Jino likioza mpaka likapata usaha, ule usaha hauna adabu ya kungoja miezi tisa. Vijidudu vyake vinaweza kuingia shingoni na katika damu. Homa kali na sumu ya vijidudu ndivyo vitu vya kuogopwa kwa mja mzito, kuliko koleo la daktari. Kung'oa jino, kuziba jino, kusafisha fizi, yote haya yanaweza kufanywa mama akiwa na mimba. Jino lenye usaha au maumivu makali linatibiwa mwezi wowote, wa kwanza hata wa tisa. Lile linaloweza kungoja kidogo, wakati mzuri ni kati ya mwezi wa nne na wa sita, kwa sababu kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito la kumfanya ashindwe kukaa kitini.

Huko Marekani madaktari walifuata akina mama zaidi ya 800 wenye ugonjwa wa fizi, na mwaka 2006 wakatangaza matokeo. Nusu yao walisafishwa fizi mimba zikiwa za karibu miezi minne, mitano. Nusu wakasafishwa baada ya kujifungua. Waliosafishwa wakiwa na mimba hawakuzaa kabla ya wakati kuliko wenzao. Tuseme ukweli, hawakuzaa kabla ya wakati kwa uchache zaidi pia. Wale waliotumaini ya kwamba kusafisha fizi kutazuia watoto njiti hawakupata walichokitaka. Lakini kwa swali letu la leo, kama kiti cha daktari wa meno kinatoa mimba, jibu limo humo. Hakitoi.

Sindano ya ganzi mnaiuliza sana. Ile ya kawaida inayotumika kwa meno, lidokeini, imetumika kwa waja wazito miaka mingi na ni salama. Mama aliyetiwa ganzi ana heri kuliko anayeng'olewa kavu kavu akitetemeka. Na eksirei? Picha ya jino moja hutumia miale kidogo sana, na inaelekezwa kwenye taya, si tumboni. Ikiwa jino ni gonjwa na daktari hawezi kulitibu bila picha, apigwe. Ikiwa ni picha ya kupanga mambo ya baadaye tu, ingoje.

Dawa ndizo za kuangaliwa. Hapa tuwe wakali kidogo, kwa maana tunajua maduka yetu na tunajua mikoba yenu. Mama ana jino, anamtuma mtoto dukani, "Niletee za maumivu," na mtoto analeta chochote. Paracetamol mja mzito anaweza kumeza kwa kipimo chake. Brufen na diclofenac asimeze kwa kujiamulia. Hasa kuanzia mwezi wa tano zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea, na karibu na mwisho hudhuru mshipa wa moyo wake. Aspirin ya maumivu vilevile aache. Lakini kama daktari wa kliniki amekuandikia aspirin ndogo ya kila siku kwa ajili ya presha ya mimba, hiyo usiiache kwa sababu ya maneno yetu. Tetracycline, ile kapsuli ambayo wengine hufungua na kumwaga unga ndani ya jino, hiyo hapana. Meno ya mtoto huanza kujengwa angali tumboni, na dawa hii huingia humo na kuyatia rangi ya manjano au kijivu isiyofutika. Dawa za kuua vijidudu ambazo mja mzito anaweza kutumia zipo, kwa mfano amoxicillin, kama mwili wake hauikatai. Aandikiwe.

Sasa mwalimu wetu na waya zake.

Jino halikushikwa na taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi nyororo ndani ya mfupa. Waya husukuma polepole. Upande linakokwenda jino, mfupa huyeyuka kidogo, na upande linakotoka, mfupa mpya hujengwa. Ni kama kuhamisha kigingi cha ua bila kuking'oa. Unakisukuma kidogo udongo ukiwa umelowa, unashindilia nyuma yake, kesho kutwa unarudi tena. Ndiyo maana kazi hii huchukua mwaka na nusu, miwili, pengine zaidi, na mwenye waya hurudi kwa daktari kila baada ya wiki nne hadi nane. Nguvu hiyo ni ya jino tu. Haiteremki tumboni, na chuma kile hakiendi kwa mtoto.

Waya zikitolewa sasa kutatokea nini? Meno yaliyofika nusu ya safari yataanza kurudi yalikotoka, kwa maana mfupa haujakauka. Na mnajua gharama yake. Inaweza kufika bei ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe huyo atakuwa amepotea. Shauri la shangazi, ati waya zikae lakini daktari asionwe mpaka mtoto azaliwe, hilo kwetu ni baya zaidi. Ni kuacha kigingi kikisukumwa bila mtu wa kukitazama. Tena mimba yenyewe huweza kulegeza kidogo zile nyuzi zinazoshika meno, hata mama asiye na waya huhisi meno yakicheza. Kwa hiyo huu ndio wakati daktari anatakiwa kuyaona, na akijua kuna mimba anaweza kukaza kwa nguvu ndogo zaidi, au kuacha mwezi mmoja upite.

Lakini tumpe mama mkwe haki yake, hakukosea kuwa na wasiwasi. Kama mwalimu angekuwa hajaanza, tungemwambia angoje ajifungue ndipo aanze. Kunyoosha meno si dharura. Mwanzo wake una eksirei, na kuumwa meno usiku wa kwanza, na lile jambo la kujazwa uji mzito mdomoni ili kupata umbo la meno, ambalo mwenye kichefuchefu hawezi kulistahimili. Vilevile kama daktari alikuwa amepanga kung'oa meno mazima ili kufanya nafasi, hayo yangoje. Jino zima halina haraka.

Shosho mmoja ametuuliza pale nje, mbona msichana huyu anaziba mwanya wake, na zamani mwanya ulisifiwa? Na mzee wetu kutoka upande wa ziwa ametukumbusha ya kwamba wao waling'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana na hakuna aliyewaambia wamekosa urembo. Hayo si maswali ya afya. Tunamwachia mwenye mdomo.

Shida kubwa ya waya wakati wa mimba ni uchafu. Mimba huongeza homoni katika damu, na fizi zinazoguswa na uchafu kidogo huvimba na kutoa damu kuliko kawaida. Huanza karibu mwezi wa pili, huzidi karibu mwezi wa nane, na baada ya kujifungua hupungua. Sasa ongeza waya zinazonasa kila punje ya ugali. Mwalimu, utapiga mswaki kila baada ya kula na hasa kabla ya kulala, mswaki laini na dawa yenye floridi, ukipita juu ya waya na chini yake. Mti wa mswaki ni mzuri kwa mwenye meno matupu, lakini haupenyi chini ya waya. Fizi zikitoa damu usiache kupiga mswaki. Wengi huacha wakidhani wanazitonesha, na hapo ndipo zinapozidi.

Ukitapika, usikimbilie mswaki. Tapishi lina asidi ya tumboni ambayo hulainisha ngozi ngumu ya jino, na ukisugua wakati huo unaikwangua. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa au saa nzima, kisha upige mswaki. Kwa mwenye waya asidi hiyo na mabaki ya chakula huacha alama nyeupe kuzunguka vile vibati vilivyobandikwa, na alama hizo huonekana siku waya zinapotolewa, wakati umekwisha kulipa.

Na odowa! Tunawaona mkicheka. Tunajua inauzwa pale sokoni karibu na nyanya, na tunajua tamaa ya mimba. Jiwe lile husaga meno ya mtu yeyote, na kwa mwenye waya ni siku moja tu kibati kimebanduka. Tena mwenye kutamani udongo sana mara nyingi ana upungufu wa damu, basi amwambie nesi wa kliniki badala ya kujificha. Mahindi ya kuchoma na miwa pia tuyaweke kando. Githeri iliyoiva vizuri haina neno.

Waya ikichomoza ikachoma shavu, rudi kwa daktari, na wakati unangoja funika ncha kwa ile nta waliyokupa. Tumesikia ya bwana mmoja aliyechukua koleo la fensi amsaidie mkewe. Alikuwa na nia njema.

Mliuliza maswali, na matatu tunayajibu hapa.

La kwanza, kama ni kweli kila mtoto huondoka na jino moja la mama. Si kweli. Mtoto anapohitaji chokaa ya mifupa huipata katika chakula cha mama, na kikikosekana huichukua katika mifupa ya mama. Haichukui katika meno. Meno ya mama huharibika kwa sababu anatapika, anakula kidogo kidogo mchana kutwa, chai ya sukari ndiyo inayokaa tumboni, anachoka hata mswaki haushiki, na juu ya yote anaambiwa asiende kwa daktari. Hii imani tunaichukia kidogo, tuseme wazi, kwa maana inamfanya mama aone kupoteza jino kuwa sehemu ya kuzaa.

La pili ni la mama aliyetuonyesha kinyama chekundu kilichoota kwenye ufizi, kinachotoa damu akikigusa. Jambo hili hutokea kwa baadhi ya waja wazito na kwa kawaida si kansa. Mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Lakini kionwe na mtu wa meno sasa, na kisipoisha baada ya mtoto kuzaliwa arudi.

La tatu ni la pesa na mahali. Si lazima kwenda mjini kwa kila jino. Katika hospitali nyingi kubwa za wilaya, kama mnavyoziita bado, na katika baadhi ya vituo vya afya, kuna maafisa wa meno wa jamii waliosomea diploma katika vyuo vya KMTC. Hao hung'oa, huziba na husafisha. Kwa waya peke yake ndipo inabidi mtaalamu wa kunyoosha meno. Juu ya bima, mkumbuke NHIF ilikoma mwaka 2024 na SHA ikachukua mahali pake, kwa hiyo kadi ya zamani haitoshi. Ulizeni dirishani ni nini kinacholipiwa kabla ya kuketi kitini.

Jambo moja zaidi, na hili tunawaambia wasichana hasa. Sema una mimba. Daktari wa meno haoni tumbo la wiki sita. Tunajua mimba changa haitangazwi, kuna macho ya watu, na kuna wale ambao hata nyumbani hawajasema. Lakini yule anayekuandikia dawa ni lazima ajue. Beba kile kitabu cha mama na mtoto cha kliniki, umwekee mezani, hata usiposema neno atasoma. Na ukiwa na tumbo kubwa usikubali kulazwa chali kabisa kitini. Mtoto hulalia mshipa mkubwa wa damu, na mama huona kizunguzungu na jasho jembamba. Kunja leso, iweke chini ya nyonga ya kulia ili uinamie kushoto kidogo.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mja mzito aonwe kliniki mara nane. Katika hizo nane, fungua mdomo mara moja mbele ya nesi na umwambie atazame. Mkiambiwa mrudi baada ya kujifungua huku jino lina usaha, msiondoke. Ulizeni kwa heshima muandikiwe barua ya kwenda kwa afisa wa meno. Kikundi kimchague mwanachama mmoja wa kumsindikiza. Mama mwenye maumivu peke yake hurudishwa upesi.

Kina baba, nyinyi tunawaomba nauli tu. Jino la mke wako ni gharama ndogo leo.

Kuhusu mwalimu, tumekubaliana hivi, na katibu ameandika. Hatatoa waya. Jumatano ya wiki ijayo atakwenda Nakuru kwa daktari wake na kumwambia mimba ina miezi minne. Mama mkwe atakwenda naye, aketi chumbani, aulize swali lake la chuma mwenyewe na ajibiwe mbele ya macho yake. Nauli ya mama mkwe itatoka kwa kikundi. Matatu huondoka sokoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na dereva ameahidi kuwawekea viti vya mbele.